Safari Yetu ya Rwanda: Maneno ya Mwanakikundi Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



 Nimeombwa nieleze safari yetu ya Rwanda ya Julai 2018, maana wanachama wapya wameisikia vipande vipande tu, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Mimi nitaisimulia bila chumvi.

Tulikuwa akina mama 26. Tulitoka hapa Kahama Ijumaa alfajiri, tukapita Ushirombo, Nyakanazi na Lusahunga kwa nyimbo na vigelegele. Tulikuwa tunakwenda Musanze, kuwatembelea akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Wenyewe kule huviita ibimina.

Vituko vilianzia Rusumo, mpakani. Rwanda ilikwishapiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na sisi chapati, mayai, karanga, vyote vilikuwa ndani ya rambo. (Huku kwetu marufuku ilikuja Juni 2019.) Basi tukaingia ugeni na chapati zimefungwa kwenye khanga! Tulipovuka daraja la mto Kagera, basi likahamia upande wa kulia wa barabara, kama ilivyo sheria yao. Mama mmoja akapiga yowe akidhani dereva amesinzia. Simtaji, anajijua.

Tulilala Kigali. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi ya kwao, ambayo ni saa moja ya kwetu, tukaanza kupanda. Jamani, sisi watu wa Kahama mlima tunauona kwenye picha. Kule kona haijaisha, nyingine imefika. Wenzetu wanalima mpaka kileleni, mashamba yamekatwa ngazi ngazi, na chini bondeni ukungu umelala kama maziwa. Nyimbo zilikwisha zenyewe. Kila mtu alikuwa anasali kimya kimya.

Tulipofika wilaya ya Gakenke tukaanza kuteremka. Mteremko mrefu. Mara tukasikia harufu ya kitu kinaungua, na utingo akachungulia mlangoni, akasema gurudumu la nyuma linatoa moshi. Dereva alirudisha gia, basi likanguruma, lakini mwendo haukupungua. Akapaza sauti, "Shikeni viti!" Bahati yetu ukuta wa mlima ulikuwa upande wetu, na bonde upande wa pili. Alilisukuma basi kwenye mtaro, likajikwaruza ukutani hadi likasimama. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono. Wengine tulitoka na michubuko na kilio.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya taifa zima. Kuanzia saa mbili hadi saa tano magari yalisimama. Nani angekuja? Lakini watu walikuwa wameshatoka majumbani na majembe yao. Walishuka kutoka kila upande wa mlima. Mwenzetu mzaliwa wa Ngara akaongea nao Kihangaza, wakamwelewa vizuri kabisa. Wakamsindikiza majeruhi kituo cha afya, wakachimba mtaro, wakalitoa basi. Hawakupokea hata senti. Mwenye basi alikataa kwa simu kulipia matengenezo, tukatumia fedha tulizotenga kwa zawadi. Musanze tulifika jioni kwa magari ya kukodi, mikono mitupu, na wenyeji wetu bado walikuwa wanatusubiri. Asubuhi yake tuliuona Karisimbi, mita 4,507, wingu likiwa shingoni.

Hayo mnayajua. Lililobaki hamlijui.

Muhtasari wetu wa Agosti 2018 unasema ajali ilitokana na uzembe wa dereva. Baada ya hapo kijana yule alifukuzwa kazi. Akina mama, Alhamisi jioni, siku moja kabla ya safari, dereva alinifuata nyumbani. Aliniambia, "Mama, breki za nyuma zimekwisha, milima ya kule hazitaiweza. Tajiri wangu hataki kusikia. Wewe mwambie, au tafuteni basi jingine." Basi jingine lilikuwepo, lilizidi kwa shilingi 300,000. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya safari na nilikwishajisifu mbele yenu kwamba nimewaokolea hela. Nikamjibu, "Mungu atatufikisha." Na siku ya kikao, muhtasari ulipoandikwa, nilikaa kimya. Mlinipigia makofi kwa kusimamia safari vizuri.

Mwaka 2021 nilimtafuta. Nilimkuta anaendesha bodaboda. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. Nilimpelekea fedha, akazirudisha. Alisema, "Mama, sidai. Waambie tu waliokuwa ndani ya basi." Kwa sababu shangazi yake alikuwa ndani ya basi, na tangu siku ile hajamwita tena nyumbani kwake.

Imenichukua miaka mingine kupata ujasiri huu. Ninaomba radhi kwenu nyote, na hasa kwako mwenzangu uliyeumia mkono. Katibu, naomba sentensi ile ifutwe, jina langu liandikwe mahali pake, na maneno haya yachapwe katika kijitabu chetu.

Yule kijana nimemwalika. Amekaa pale nyuma karibu na mlango, yeye na mke wake. Shangazi, nakuomba uende ukamsalimie.