Mjuzi wa Mawingu na Jirani Yake

Masomo: Luka 12:54–59, 1 Wafalme 18:41–45

  Aliye na Biblia karibu na afungue Injili ya Luka, mlango wa 12.

Leo nataka kusema na watu ambao hawahubiriwi mara nyingi, ingawa wamo katika kila kanisa. Ni wale wapendao kufuata habari za mvua. Mmoja ni mwalimu mstaafu aliye na kipima mvua nyuma ya nyumba. Kila siku saa tatu asubuhi hutoka na kalamu, akamimina maji katika gilasi ya kupimia, akaandika milimita ngapi zimenyesha. Mwingine ni mama asiye na chombo chochote ila macho yake, naye ajua siku ambayo siafu walihama na mti upi umechipua kabla ya wakati. Mwingine ni kijana ambaye mwezi wa Agosti hufungua simu kutazama ramani za utabiri wa vuli, hata baba yake hajanoa jembe. Kazi hii si ya jana. Vituo vingi vya zamani vya kupimia mvua katika nchi yetu vilikuwa kwenye misheni, mashamba, stesheni za reli na ofisi za wilaya, na wengi walioandika hesabu zile walijitolea tu.

Je, Bwana Yesu aliwaonaje watu wa namna hii? Kule Palestina bahari iko magharibi, na jangwa liko kusini na mashariki. Wingu likitoka upande wa bahari, watu hutazamia mvua. Upepo ukivuma kutoka kusini, hutazamia joto. Yesu alikubali kabisa kwamba walijua mambo hayo, wala hakuwacheka kwa kuyajua. Na sisi hapa tunazo ishara zetu. Mtu wa Pwani husikiliza kaskazi ikimpisha kusi. Mtu wa Kisumu hutazama mawingu ya alasiri yanayoinuka kando ya ziwa. Mtu wa Machakos hungojea mvua ya Oktoba kuliko ile ya Machi, kwa maana huko vuli ndiyo hutegemewa zaidi kujaza ghala.

Wako ndugu wasemao kwamba Mkristo na aombe tu, utabiri awaachie wengine. Basi na wamtazame Eliya juu ya mlima Karmeli. Aliinama mpaka uso wake ukawa kati ya magoti, akaomba. Na wakati uo huo alimtuma mtumishi wake akatazame upande wa bahari, tena si mara moja, bali mara saba. Maombi na kutazama vilikwenda pamoja. (Hata hilo jina El Niño, ambalo wengine hulitamka kama jina la pepo, ni neno la Kihispania la kumtaja Mtoto Yesu. Wavuvi wa Peru waliita hivyo maji ya joto yaliyofika pwani yao karibu na Krismasi.)

Lakini kutazama kunataka unyofu. Mara ngapi tumesikia sokoni, na hata nje ya kanisa baada ya ibada, mtu akisema, "Walituambia mvua itakuwa nyingi, mbona jua? Hao ni waongo!" Ndugu yangu, je, ulisoma walichosema? Watabiri wa majira hugawanya mambo mafungu matatu: mvua zaidi ya kawaida, mvua ya kawaida, na mvua chini ya kawaida. Kama hawana la kuongeza, kila fungu lina nafasi sawa, kama asilimia 33. Tuseme wamesema asilimia 45 kwa mvua nyingi, 35 kwa kawaida, na 20 kwa uhaba. Maana yake ni kwamba katika miaka mitano ya utabiri kama huo, wa uhaba wakadiriwa kuwa mmoja. Mwaka huo ukija, hakuna aliyedanganya. Kumwita mwongo mtu aliyesema neno lake kwa kipimo ni kumshuhudia jirani uongo, nasi twaijua amri.

Tena majira hayasomeki sawasawa. Vuli ndiyo husomeka mapema zaidi, kwa kuwa hufuata sana joto la bahari, ile Pasifiki iliyo mbali na Bahari ya Hindi iliyo mlangoni petu. Ndivyo ilivyokuwa katika mvua kubwa za mwisho wa 1997, na tena mwaka wa 2019, wakati maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipokuwa na joto kuliko kawaida. Masika ni ngumu. Hata wataalamu husema habari za masika kwa sauti ya chini, na mkulima mwenye busara hapandi shamba lote siku moja kwa sababu ya ramani.

Basi, kama Yesu hakuwakemea watu kwa kujua mawingu, aliwakemea kwa nini? Kwa kuwa walijua anga wasijue wakati waliokuwa nao. Sisi wahubiri hupenda kusimama hapo na kuanza kusema juu ya siku za mwisho. Mimi naona tunafunga kitabu mapema mno. Endeleeni kusoma mistari mitatu inayofuata, wa 57 mpaka wa 59. Ghafla Yesu asema juu ya mtu aliye njiani kwenda kwa mwamuzi pamoja na mshitaki wake. Amwambia apatane naye wangali njiani, kabla mlango wa gereza haujafungwa. Kutoka mawinguni, Bwana atupeleka moja kwa moja kwa mtu tuliyegombana naye.

Eliya pia alifanya vivyo hivyo. Mtumishi aliporudi mara ya saba na habari za wingu dogo kama kiganja, Eliya alimpelekea habari nani kwanza? Ahabu! Mfalme aliyekuwa akimtafuta kwa ubaya. Alimwambia atandike gari lake ashuke, asije akazuiwa na mvua. Utabiri wa kwanza wa mvua ile ulikwenda kwa adui, ili afike salama.

Hapa ndipo sisi tunapoulizwa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua za kaskazini na mashariki ya nchi yetu zilikosa majira matano mfululizo. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Maonyo yalitolewa mapema, nasi tulio na redio na simu tuliyasikia. Na masika ya 2024, maji yaliposhuka usiku kule Mai Mahiu mwishoni mwa Aprili, makumi ya watu walikufa. Utabiri wa miezi mitatu hauwezi kutaja kijiji wala saa. Lakini mtu anayejua kwamba mvua ni kubwa, naye ajua ni nani amelala kwenye njia ya maji, anacho kitu ambacho hakuna ofisi ya Nairobi iwezayo kuwa nacho.

Nilionyeshwa daftari la mzee mmoja wa kanisa, katika milima ambayo sitaitaja. Ni madaftari mengi, kwa kweli, ya miaka zaidi ya thelathini, milimita siku kwa siku. Katika ukurasa mmoja wa kiangazi, penye safu ya sufuri, ameandika pembeni: "Tumegombana mferejini." Mwenye kugombana naye ni ndugu yake, tumbo moja, ambaye shamba lake liko chini ya lake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mfereji ule ukaachwa, ukajaa matope na majani, kwa kuwa kila mmoja alisema ni wa mwenzake. Mzee yule aliweza kukuambia mvua ya Jumatatu yoyote utakayo, na nyumba ya ndugu yake hakuwa ameitia mguu.

Ikafika Agosti ya 2023. Utabiri ulisema vuli ingekuwa na mvua zaidi ya kawaida, maana El Niño ilikuwa imeanza. Mzee alisoma, akapanda juu ya kilima, akatazama mfereji. Maji yakijaa pale, yangetokea jikoni kwa ndugu yake. Alikaa nalo neno hilo siku kadhaa. Kisha asubuhi moja, baada ya kusoma kipima mvua chake kikavu, alichukua jembe na sepetu akaenda kuanza kuchimba upande wa chini, mpakani. Mke wa ndugu ndiye aliyemwona kwanza, akamletea chai. Baadaye ndugu mwenyewe alitoka, akasimama kitambo, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na jembe lake.

Waliyosemezana hayamo katika daftari. Mna tarehe, mna sufuri, na pembeni: "Tumezibua mfereji, mimi na Shem." Shem si jina lake, nimelibadilisha. Novemba mvua ilinyesha kweli kweli.

Na tuombe. Ee Bwana wa mvua na jua, uwakumbuke walio kandokando ya Tana na Nzoia, na wanaotazama anga tupu kule Turkana na Marsabit. Uwape wanaopima na kutabiri moyo mnyofu. Na yeyote asikiaye leo, aliye na mfereji ulioziba kati yake na ndugu yake, umpe jembe na asubuhi ya kutokea. Kwa jina la Yesu. Amina.