Barbara Castle na Jina la Kamau Kichina

Barbara Castle alitoka Chuo Kikuu cha Oxford na digrii ya daraja la tatu. Mwaka 1945 watu wa Blackburn, mji wa viwanda vya nguo huko Uingereza, walimchagua awe mbunge kwa chama cha Leba. Mjamaa huyo aliwawakilisha hadi 1979.

Kenya haikuwa jimbo lake. Lakini wakati wa hali ya hatari, enzi za ukoloni wa Uingereza, kibarua wa huku aitwaye Kamau Kichina alishukiwa kwa wizi, polisi wakamtesa siku kadhaa mpaka akafa, na hakuna aliyepatikana na hatia ya kumuua. Mwaka 1955 Castle alifunga safari kuja kulichimba jambo hilo. Alilibeba jina la Kichina kwa maafisa, kisha magazetini na bungeni. Huo ndio ujasiri wa kuigwa leo, kwa maana mkubwa akiulizwa habari za haki kwa jumla hukosi kusikia jibu tamu. Akiulizwa habari za marehemu fulani, hubanwa.

Machi 3, 1959, watu 11 waliokuwa kizuizini katika kambi ya Hola, hapa Kenya, waliuawa kwa kipigo. Serikali ya kikoloni ilidai kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Castle na wenzake waliikataa taarifa hiyo, na Julai Bunge la Uingereza likaijadili Hola hadi usiku wa manane.

Baadaye alikuwa waziri wa uchukuzi, naye hata kuendesha gari hakujua. Mwaka 1967 alileta kipimo cha pombe kwa madereva, akatukanwa sana. Sisi tunaozika vijana wa bodaboda tunajua thamani ya sheria ya aina hiyo.

Mwaka 1968 wanawake waliokuwa wakishona viti vya magari ya Ford, Dagenham, waligoma. Castle, sasa waziri wa kazi, aliwaita ofisini wakanywa chai, wakazungumza. 1970 akapitisha sheria ya malipo sawa. Kisha alisimamia sheria ya 1975 iliyoelekeza posho ya watoto mikononi mwa mama. Ninyi wahitimu mliolipiwa karo kwa tumbaku hapa Kuria mnajua nani alipalilia, nani alikausha majani, na nani alipokea pesa.

Mwaka 1976 waziri mkuu wa chama chake alimfuta kazi. Alifariki 2002, na hata alipokuwa na miaka karibu 90 alikuwa akiidai serikali ya chama hichohicho pensheni bora kwa wazee.