Seli za Mwili na Ugonjwa wa Selimundu



Sisi si waganga. Kazi yetu ni kalamu na daftari. Lakini jambo hili limekwisha kuchunguzwa na mabingwa kwa miaka mingi, nasi tumeona vema kuwaeleza kwa lugha nyepesi, kwa kuwa limeingia katika nyumba nyingi za nchi yetu, na baadhi ya nyumba hizo limezivunja.

Hapana mtu wa Singida asiyejua sega la asali. Ukilitazama kwa mbali ni kitu kimoja. Ukilisogeza karibu waona vijumba vingi vilivyopangwa safu kwa safu. Basi miili ya viumbe vyote nayo imejengwa kwa vijumba. Mwaka 1665 Mwingereza mmoja, Robert Hooke, alitangaza katika kitabu chake jinsi alivyotazama kipande chembamba cha gome la mti kwa hadubini, yaani chombo kikuzacho vitu vidogo, akaona vyumba vidogo mno mithili ya sega. Vyumba hivyo leo twaviita seli, au chembe hai. Alizeti shambani, kuku uani, na mtu mwenyewe, wote wamejengwa kwa seli. Kijidudu cha kipindupindu ni seli moja tu. Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30.

Je, ndani ya seli mna nini? Nje umeizunguka utando mwembamba, ambao kazi yake ni kama ya mlango wa tembe: wapitisha kifaacho na kuzuia kisichofaa. Ndani mna ute, ambamo kazi nyingi za seli hufanyika. Katikati ya ute mna kiini, nacho ni kama daftari kuu la ofisi, kwa maana ndimo yalimohifadhiwa maagizo ya kuujenga mwili na kuuendesha. Tena mna vijiumbo viitwavyo mitokondria. Hivyo twaweza kuvifananisha na mafiga ya jikoni: chakula na hewa ya oksijeni hukutana humo, na nguvu ya kufanyia kazi ikapatikana. Seli za majani ya alizeti zina ukuta mgumu nje ya utando, na vijiumbo vya kijani ambavyo hunasa mwanga wa jua na kutengeneza chakula.

Seli za mwili hazifanyi kazi moja. Za misuli hujikunja, za neva hupeleka habari, na seli nyekundu za damu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuigawa mwilini mwote. Chukueni tone la damu lenye milimita moja kila upande: humo mna seli nyekundu kama milioni 5. Seli hii ikikomaa haina kiini wala mitokondria. Imeacha mizigo hiyo ipate nafasi ya kubeba himoglobini, kitu chekundu kishikacho oksijeni. Umbo lake ni la duara, limebonyea katikati, tena ni laini, hata huweza kujipinda na kupenya katika mishipa myembamba kuliko yenyewe. Huishi siku 120 hivi, kisha hufa, na nyingine huzaliwa ndani ya mifupa.

Sasa twafika penye shabaha ya maneno yetu. Wako watoto ambao himoglobini yao ina kasoro ndogo. Ikiisha kutoa oksijeni, hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, na seli hupoteza uduara wake, ikapinda kama mundu wa kukatia nyasi. Ndiyo sababu ya jina selimundu. Mwaka 1910 Daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za seli za namna hiyo. Seli hizo hazipindiki tena. Hukwama katika mishipa na kuziba njia ya damu. Hapo ndipo yatokapo maumivu makali ya mifupa, na kuvimba mikono na miguu kwa mtoto mchanga. Tena hazidumu siku 120, bali siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mtoto hupungukiwa na damu na macho yake huwa ya manjano.

Wengi huuliza, ni nani aliyemtenda mtoto huyu? Wengine hunyoshea mama kidole, au hutafuta mchawi katika majirani, na ndoa zikavunjika. Ndugu zetu, jibu limo katika lile daftari la kiini. Mtoto hupokea agizo la himoglobini mara mbili: moja kwa baba, moja kwa mama. Akipokea agizo lenye kasoro kwa mmoja tu, kwa kawaida huwa mzima, lakini amelichukua. Akilipokea kwa wote wawili, huugua. Wazazi wote wawili wakiwa wachukuzi, kwa kila mimba, katika bahati nne, moja ni ya mtoto mgonjwa, mbili ni za mchukuzi, na moja ni ya mtoto asiye na kasoro kabisa. Hesabu hii huanza upya kila mimba. Basi mama halaumiwi peke yake, wala baba, wala jirani.

Na kwa nini kasoro hii imeenea kwetu? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichunguza damu za watu wa Afrika ya Mashariki, na mwaka 1954 alitangaza kuwa mchukuzi hukingwa kwa kiasi na malaria kali. Kwa hiyo penye malaria nyingi wachukuzi walisalimika, wakazaa. Lakini mtoto mwenye ugonjwa wenyewe hana kinga hiyo. Malaria humdhuru sana. Hukadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini Tanzania kila mwaka.

Twawaomba mambo matatu. Wazazi, mtoto akivimba vidole, akilia kwa maumivu au kupauka mara kwa mara, mpelekeni hospitali apimwe damu. Dawa za kuzuia maambukizo na malaria, chanjo, maji ya kunywa kwa wingi, na nguo nzito katika baridi yetu ya Juni na Julai humwokoa. Tena iko dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu. Walimu, mtoto huyu asichapwe kwa kukosa shule siku za maumivu, wala asikatazwe kwenda kunywa maji. Wazee, kesi ya namna hii ikiletwa barazani, msihukumu kabla ya damu ya wote wawili kupimwa. Na vijana wanaotaka kuoana washaurini wakapime mapema.

Seli haionekani kwa macho, lakini mtoto aliaye usiku asikika. Tumsikie.