Safu ya Nne: Kusoma Siasa za Ulaya Darasani na Ofisini

Leo tunawazungumzia wahitimu wanaotaka kwenda Ulaya kusomea siasa za Ulaya kwa shahada ya uzamili, hasa katika programu zinazochanganya vipindi vya darasani na mafunzo kazini. Humo mwanafunzi hukaa miezi kadhaa katika ofisi ya mbunge wa Ulaya, chama cha wafanyabiashara, shirika la kiraia au idara ya Tume ya Ulaya mjini Brussels. Matangazo ya programu hizi huyasifia mafunzo kazini kuwa mlango wa ajira. Nadhani yanasifia upande usio wenyewe. Ajira inaweza kuja, inaweza isije. Faida iliyo ya hakika ni nyingine: sehemu kubwa ya siasa za Ulaya haimo katika mikataba wala katika vitabu vya kiada, na mtu huifahamu akikaa pale kazi inapofanyika. Lakini akikaa pale bila kusoma kwanza, atakuwa kama anayesikiliza mechi redioni ilhali hajui sheria za mpira: makelele anayasikia, bao lenyewe halielewi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mafunzo kazini huwa na thamani pale tu chuo kinapoyafanya sehemu ya somo lenyewe, yenye msimamizi, alama na kazi ya kuandika baadaye. Yakiwa pambo la wasifu, hayana maana.

Tuchukue mfano unaotugusa. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha Kanuni namba 1115, inayokataza kuuza katika soko lake bidhaa zilizotoka kwenye ardhi iliyofyekwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kahawa imo. Kwa hiyo kahawa ya Kagera, Mbinga, Nyeri au Masaka itatakiwa kuingia Ulaya ikiwa na taarifa za mahali shamba lilipo. Kwa shamba dogo inatosha nukta moja ya GPS, lakini la kahawa linalozidi hekta 4 lazima lichorwe mipaka yake yote. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili. Hata hivyo mkulima mdogo, ambaye pengine hata hati ya shamba hana, tayari ameingizwa katika siasa za watu asiowapigia kura. Sasa muulize mwanafunzi aliyesoma vitabu tu: uamuzi huu ulifikiwaje? Atakutajia Ibara ya 294 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya. Tume hupendekeza, Bunge la Ulaya na Baraza la Mawaziri huusoma muswada mara ya kwanza, wasipoelewana mara ya pili, na wakishindwa tena huunda kamati ya usuluhishi. Ni jibu la kupata alama zote kwenye mtihani. Tatizo ni kwamba kazi haikwenda hivyo.

Ilikwenda hivi. Tume ilileta pendekezo lake Novemba 2021 likiwa na bidhaa sita: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, soya na mbao. Baraza likaweka msimamo wake Juni 2022. Bunge likafuata Septemba, likitaka yaongezwe mpira, mahindi, kuku, nguruwe, mbuzi na kondoo. Kisha wawakilishi wachache wa pande hizo tatu wakakutana faraghani, na tarehe 6 Desemba 2022 wakatoka na makubaliano: mpira umeingia, mahindi na kuku vimebaki nje. Vikao hivyo vya pande tatu hutaviona katika Ibara ya 294; havitajwi kabisa. Wala si jambo la mara mojamoja. Katika kipindi cha Bunge cha 2014 hadi 2019, karibu asilimia 89 ya sheria zilizopitia utaratibu wa kawaida zilimalizika kwenye usomaji wa kwanza, na msingi wa hilo ni mapatano ya vikao vya namna hii. Usomaji wa pili na kamati ya usuluhishi, ambavyo vitabu huvieleza kwa kurasa na kurasa, vimekuwa vya nadra.

Na vikao hivyo vina chombo chao cha kazi, ambacho ningependa msikilizaji akione kwa karibu. Ni jedwali lenye safu nne. Safu ya kwanza ina maneno ya pendekezo la Tume, ya pili marekebisho ya Bunge, ya tatu msimamo wa Baraza. Safu ya nne huanza ikiwa tupu, kisha hujazwa mstari kwa mstari kadiri watu wanavyokubaliana. Jedwali la sheria moja linaweza kufika mamia ya kurasa. Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo katika ofisi ya mbunge anaweza kukabidhiwa kulinganisha safu ya pili na ya tatu na kumwekea bosi wake alama panapotofautiana. Ni kazi ya kuumiza macho. Lakini ni hapo atakapoona sharti la lazima likilegezwa kuwa jambo la kufanywa pale inapowezekana, au muda wa miezi 12 ukisogezwa hadi 18, na nchi fulani ikikubali kitu kimoja ili ipewe kingine kurasa arobaini mbele. Mhadhara hauwezi kumpa mtu jicho hilo. Jicho peke yake nalo halitoshi: asiyejua kwa nini Baraza linahitaji wingi maalumu wa kura, au kwa nini mbunge anayesimamia muswada anaogopa kamati yake kuliko anavyoiogopa Tume, ataziona tofauti zote asijue ipi ina uzito.

Ushahidi mzuri wa pande hizi mbili kukutana upo mahakamani. Emilio De Capitani alifanya kazi miaka mingi katika sekretarieti ya kamati ya Bunge la Ulaya inayoshughulikia haki za raia na mambo ya ndani. Alipotoka aliliomba Bunge majedwali ya safu nne ya mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea. Bunge likampa baadhi na kumnyima safu ya nne ya mengine, kwa hoja kwamba kuitoa kungevuruga majadiliano. Akashitaki. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Jumla ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hakuna dhana ya jumla ya kuificha safu hiyo, na kwamba kila kukataa lazima kuwe na sababu mahususi. Angalia alivyoshinda. Mtu wa nje asingejua aombe nini, maana hati hiyo haimo katika maelezo ya kawaida ya utaratibu wa sheria. Aliyeishia kufanya kazi ofisini tu, bila kuisoma sheria, asingejua kwamba ana haki ya kuomba. Haki hiyo iko katika Kanuni namba 1049 ya mwaka 2001, na haikuishia kwa raia wa Ulaya: anayeishi katika nchi mwanachama, raia au si raia, anaweza kuomba hati na anastahili kujibiwa ndani ya siku 15 za kazi. Mwanafunzi kutoka Mwanza au Eldoret anayeishi Leuven anayo. Sijui wangapi huitumia wakiandika tasnifu. Ningekuwa mhadhiri ningeifanya kazi ya lazima ya muhula wa kwanza.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza hutoka kwa wanazuoni: chuo kikuu kipo kwa ajili ya kuhoji madaraka, na mwanafunzi anayepelekwa ofisini hurudi akiongea lugha ya ofisi. Hofu hii ina msingi. Rejista ya uwazi ya Umoja wa Ulaya ina mashirika zaidi ya 12,000 yanayojitangaza kuwa yanafuatilia au kushawishi sera, na mengi yanapokea wanafunzi. Anayefanya mafunzo kwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ataiona Kanuni namba 1115 kama gharama. Anayefanya kwa shirika la mazingira ataiona kama ushindi. Na kati yao anaweza asipatikane hata mmoja aliyefikiria mkulima mwenye ekari moja na nusu. Dawa ya hofu hii ni mpangilio wa masomo. Programu zinazoweka mafunzo mwishoni kabisa, baada ya tasnifu, humtoa mwanafunzi ofisini moja kwa moja hadi sokoni kutafuta kazi, bila nafasi ya kuhoji alichokiona. Zinazoyaweka katikati humrudisha darasani. Katika Euroculture, shahada inayoendeshwa kwa pamoja na vyuo kama Groningen, Uppsala, Göttingen na Kraków, mwanafunzi huchagua utafiti au mafunzo kazini katika muhula wa tatu, halafu wa nne huandika tasnifu. Muhula huo wa nne ndio unaoyapa mafunzo maana ya kitaaluma.

Hoja ya pili ni ile ya chai na mashine ya kunakilia: kwamba mwanafunzi hupewa kazi za hovyo. Wakati mwingine ni kweli, nasi hatuna haja ya kwenda mbali kuliona hilo. Tanzania wanafunzi huenda fildi, Kenya huenda atachi, na kitabu cha kumbukumbu za kila siku mara nyingi hujazwa chote jioni moja kabla msimamizi hajafika kugonga muhuri. Ila si kila kazi ndogo ni ya hovyo. Kuandika muhtasari wa mkutano ni kazi ndogo. Katika Baraza la Mawaziri, ajenda hugawanywa: yale yaliyokwisha kukubaliwa na mabalozi huwekwa kundi A na hupitishwa bila mjadala, hata kama waliokaa mezani ni mawaziri wa uvuvi na jambo lenyewe linahusu benki, yaliyobaki ni kundi B. Mwanafunzi anayeandika muhtasari na kushangaa kwa nini sheria nzito imepita kimya tayari ana swali la tasnifu. Asiye na msimamizi wa chuo wa kumuuliza atalisahau ifikapo wikiendi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni fedha. Mafunzo yasiyolipwa huchuja watu kwa mfuko wa wazazi, na kwa mwombaji wa Afrika Mashariki, ambaye ubalozi tayari umemtaka aonyeshe fedha za kujikimu, mchujo huo ni mkali maradufu. Hili halijibiwi kwa kusema vijana wajitahidi. Kwa bahati nzuri Ulaya yenyewe imeanza kulikubali. Februari 2017 Emily O'Reilly, aliyekuwa Mchunguzi Mkuu wa malalamiko dhidi ya taasisi za Umoja huo, alipendekeza kwamba idara ya mambo ya nje iwalipe wanafunzi kazini katika balozi zake, kwa kuwa kutowalipa kuliwapendelea wenye uwezo. Tangu 2019 Bunge la Ulaya haliruhusu tena wabunge kuwa na wanafunzi kazini wasiolipwa. Machi 2024 Tume ilipendekeza sheria ya kuzuia kazi za kawaida kuvikwa jina la mafunzo. Mafunzo ya Tume yenyewe, yanayodumu miezi mitano na kuanza kila Machi na Oktoba, hulipa posho na hutoa nafasi chache kwa raia wa nchi za nje. Na wanaopata ufadhili wa Erasmus Mundus wamekuwa wakipewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda wote wa masomo, muhula wa mafunzo ukiwemo. Bado, mashirika madogo mengi hayalipi kitu, na nathubutu kusema kwamba asiye na ufadhili aachane na programu inayomlazimisha kufanya mafunzo ya bure katika mji ghali.

Kuna na wanaouliza kwa nini tusisome siasa za Jumuiya yetu pale Arusha, penye sekretarieti, mahakama na bunge la Afrika Mashariki. Zisomwe, tena zaidi ya sasa. Lakini majirani wa mezani nao lazima wajulikane. Oktoba 2014 maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru Ulaya kwa sababu mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Umoja huo na Jumuiya yetu ulichelewa, na ushuru huo ukaondolewa tu baada ya mazungumzo kukamilika. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini, Tanzania ikakataa, na rais wake wa zamani, hayati Benjamin Mkapa, alikuwa ameandika kuupinga. Kenya ikaja kuwa na mkataba wake, ulioanza kutumika Julai 2024. Katika mvutano wote huo upande wa pili ulikuwa na watu waliojua vizuri jinsi Jumuiya yetu inavyoamua. Ni haki kuuliza sisi tulikuwa na wangapi waliojua jinsi wao wanavyoamua, na safu ya nne hujazwa na nani.

Kwa anayetaka kuomba, brosha haitoshi. Aandikie ofisi ya programu na kuuliza. Mafunzo yana krediti ngapi kati ya 120 za miaka miwili? Chuo ndicho kinachotafuta nafasi au mwanafunzi anaachiwa ahangaike mwenyewe, akiwa hana mtu anayemjua Brussels? Yakimalizika, kuna muhula unaobaki wa kuandika? Wahitimu wa kutoka nje ya Ulaya waliopita walikwenda ofisi zipi, na walilipwa? Programu iliyojipanga hujibu kwa majina ya taasisi. Isiyojipanga hujibu kwa sifa. Maombi ya shahada za Erasmus Mundus kwa kawaida hupokelewa kati ya Oktoba na Januari kwa masomo yanayoanza vuli ifuatayo, na aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza anaweza kuomba kabla ya kupata cheti, mradi awe amehitimu masomo yatakapoanza.