Waliitwa Yatima: Watoto wa Kiungani na Swali la Kwao



Mwaka jana, katika kongamano la historia ya Kanisa, mwenzangu ninayemheshimu alisema kwamba watoto wa utumwani walioshushwa majahazini na manowari za Kiingereza na kukabidhiwa misheni ya Unguja walikuwa yatima wasio na kwao wala la kusema. Walipewa jina, nguo na dini, wakapokea. Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi usiku ule sikupata usingizi.

Historia yenyewe mnaijua: Askofu Tozer wa misheni hiyo anafika Unguja mwaka 1864, Sultani Majid anampa wavulana watano waliokamatwa jahazini, Kiungani inakuwa shule ya wavulana na Mbweni ya wasichana, mkataba wa 1873 unafunga soko la watumwa. Sitakawia hapo.

Nitakawia kwenye neno. Yatima kwa asili yake ya Kiarabu ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Ni mtu mwenye ukoo, mwenye haki ya urithi, mwenye ami na wajomba wanaotakiwa kumtunza. Anayemwita mtoto yatima anataja kaburi la mtu fulani. Je, watoto wa Kiungani walikuwa na makaburi hayo? Wengine ndiyo, vita viliwaua wazazi wao mbele ya macho yao. Lakini mtoto aliyenyakuliwa njiani hana kaburi la kulitaja. Ana mama aliyebaki akimtafuta. Watu wa Pwani walikuwa na maneno mengine kwa watoto hao: mateka, yaani aliyetekwa, na mjinga, yaani mtumwa mgeni asiyejua Kiswahili bado. Ni maneno makali, ila hayakuwaua wazazi ambao hawajafa.

Naomba mnivumilie sasa, maana nafika kwenye kitabu ambacho nimekisoma hata jalada limeachia. Mwaka 1887 A. C. Madan, mwalimu wa misheni, ambaye baadaye alitunga kamusi ya Kiswahili, alitoa kitabu kiitwacho *Kiungani*. Ndani yake wavulana wa shule wanasimulia maisha yao wenyewe. Waliandika kwa Kiswahili, yeye akatafsiri. Tazameni uzito wa jambo hilo: Myao na Mmakua, waliofika pwani bila neno hata moja la lugha hii, wanaishika kalamu na kuitumia kueleza walikotoka. Nao hawaanzii jahazini wala kwenye ubatizo. Wanaanzia kijijini. Wanaeleza kwao kunalimwa nini, watu wanazikana vipi, nani alikuwa mkubwa wa mji. Mtoto asiye na kwao hawezi kuandika hivyo.

Na hawakukaa kupokea tu. Katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, wavulana ndio waliopanga herufi za chuma, moja baada ya moja. John Swedi, mmoja wa wale watano wa kwanza, akawa shemasi. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mdogo, alipewa upadri mwaka 1890 akahudumu Chitangali. Tukiuliza nani alimhudumia nani katika misheni ile, jibu halitaelekea upande mmoja.

Lipo pingamizi la haki. Madan alichapa kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza waliochangia misheni, na mvulana anayemwandikia mwalimu wake huchagua maneno. Nakubali. Tena kumrudisha mtoto bara peke yake kulikuwa kumrudisha kwa wauzaji. Mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ileile aliondoka na watu walioachwa huru akitaka kuwasogeza karibu na kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Safari ikaishia Masasi, wakajenga pale, na mwaka 1882 wapiganaji wa Wamagwangwara wakawavamia. Nimeyapima yote hayo miaka mingi. Bado nasadiki kwamba huduma kwa mtoto aliyetengwa huanza kwa kumuuliza: kwenu wapi, na nani anakungoja?

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe sikuuliza. Nikiwa kijana nilipewa kazi ya ukalimani kwa kikundi cha Wakristo kutoka ng'ambo, waliokuja majuma mawili kuhudumu katika kituo kimoja cha watoto. Walikuwa watu wema. Walipaka kuta rangi, waliimba, walilia walipoaga. Siku ya mwisho mkuu wa kituo alimsimamisha msichana wa miaka kama minane, akawaambia wageni kuwa hana baba wala mama. Mmoja wao akapiga magoti, akamshika mikono, akamwombea kwa machozi, akitaja upweke wake mbele za Mungu. Nikatafsiri sala yote, sentensi kwa sentensi.

Alipomaliza, mtoto akanivuta shati, akaniambia polepole, "Kaka, mwambie mama yuko. Anauza mihogo pale sokoni."

Mgeni akaniuliza amesema nini. Nikamjibu, "Anasema asante."