Baiskeli Isiyohesabiwa Haipangiwi Njia

Mada iliyowasilishwa kwa madiwani na watendaji wa kata kuhusu matumizi ya simu janja katika kurekodi safari za baiskeli



Barabara hupangwa kwa hesabu. Kabla ya daraja kupanuliwa au njia ya pembeni kujengwa, mhandisi huuliza ni vyombo vingapi hupita, vikitoka wapi na kwenda wapi. Malori na mabasi huwa na majibu yake. Baiskeli, ambayo hubeba maziwa, mkaa, ndizi na wanafunzi, mara nyingi haina. Isiyohesabiwa haipangiwi njia, na mpandaji wake hubaki akigombania ukingo wa lami na malori. Simu janja inaweza kusaidia kuziba pengo hilo, mradi itumiwe kwa busara.

Utendaji wake si mgumu. Simu hupokea ishara kutoka setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu ya ardhi. Zikipatikana angalau nne, mahali ilipo simu hujulikana. Programu huandika mahali hapo tena na tena, hata mstari wa safari nzima ukachoreka kwenye ramani pamoja na muda na mwendo. Ndani ya simu hiyohiyo mna kihisi cha mtikisiko, ambacho kikisomwa pamoja na ramani huonyesha barabara ilipoharibika. Wanaotaka usahihi zaidi hufunga sumaku ndogo kwenye spoki na kihisi kwenye foki, ili kila mzunguko wa gurudumu uhesabiwe. Kwa gurudumu la inchi 28, mzunguko mmoja ni takriban mita 2.2, mizunguko 1,000 ni kilomita 2.2 hivi.

Mfano wa kujifunzia ni mji wa San Francisco, Marekani. Mwaka 2009, mamlaka ya uchukuzi ya huko ilitoa programu iitwayo CycleTracks. Mpandaji aliiwasha alipoanza safari, akaizima alipofika, akataja madhumuni ya safari yake. Watafiti walipolinganisha njia zilizochaguliwa na zile zilizoachwa, walibaini kwamba wapandaji hukwepa miinuko mikali, wanawake zaidi kuliko wanaume, na kwamba njia zilizotengwa kwa baiskeli huwavutia hasa wale wasiopanda mara kwa mara. Funzo lake kwa mpangaji ni kubwa: njia iliyotengwa humkaribisha yule ambaye bado anasita.

Hata hivyo, programu huhesabu wenye simu janja, wenye bando na wenye nia ya kuiwasha. Mzee apelekaye mkaa sokoni alfajiri hayumo. Mwanafunzi asiyeruhusiwa simu shuleni hayumo. Halmashauri ikiiamini ramani peke yake, njia itajengwa wanakopita wenye simu, na wanaoitegemea baiskeli zaidi watakosa tena. Kwa hiyo rekodi ya simu iambatane na hesabu ya macho: watu wawili na daftari kwenye njia panda, siku ya gulio na siku ya kawaida, tangu alfajiri hadi jioni. Daftari likionyesha baiskeli 100 na simu zikaonyesha 5, tofauti hiyo yenyewe ni taarifa, kwa kuwa hujulikana ni wangapi ambao ramani haikuwaona.

Jambo la pili ni faragha. Rekodi ya safari hufichua mtu hulala wapi na hutoka nyumbani saa ngapi. Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya dunia ya kampuni ya Strava, iliyojumlisha mazoezi ya watumiaji wake, ilionyesha kambi za kijeshi, kwa sababu askari walifanyia mazoezi humo wakiwa na vifaa vya kurekodi. Majina hayakuwamo, mistari ilitosha. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa aeleze madhumuni yake.

Kata itakayoamua kuanza izingatie haya:

- Mpandaji aelezwe na aridhie kabla ya kurekodi.
- Rekodi ianze na kuishia mbali kidogo na mlango wa nyumba yake.
- Simu ikae mfukoni muda wote wa safari, si mkononi.
- Taarifa zikusanywe bila majina.
- Watoto wahesabiwe kwa macho tu.

Kata ikifanya hivyo, ombi lake la njia ya pembeni kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, litafika likiwa na ramani na daftari. Malalamiko matupu ni rahisi kuahirishwa mwaka hadi mwaka. Hesabu iliyofanywa kwa uaminifu, ikimjumuisha na mzee wa mkaa, humlazimu msomaji wake kutoa jibu.