Boma la Chetambe: Nyumba ya Watu Wengi



Leo tuongee juu ya boma la Chetambe, kule kilimani Webuye. Wazee wetu, Wabukusu na Watachoni, walikuwa wakijenga hivi: walichimba handaki kuzunguka kijiji, na udongo wake ukawa ukuta. Ndani walikaa familia nyingi, na usiku ng'ombe waliingizwa humo. Mlango ulikuwa mwembamba, adui asiingie kwa wingi.

Mwaka 1895 jeshi la Waingereza, Hobley akiwemo, lilipiga boma la Lumboka, kisha likapanda Chetambe. Watu wengi walikufa, mifugo ikachukuliwa.

Sasa niwaulize: handaki lile lilichimbwa na nani? Hapakuwa na kontrakta wala mkopo. Ni ukoo na majirani, mkono kwa mkono. Hiyo ilikuwa harambee, hata kabla hatujaiita hivyo.

Maboma mengine yamebaki alama tu shambani. Ukilima juu yake kila msimu, alama inapotea. Basi kila kikundi kichague watu wawili, waulize wazee: boma letu lilikuwa wapi? Nani waliishi humo? Yaandikeni kwenye daftari la kikundi. Mzee akituacha, anaondoka na boma lake.